Karatasi ya Uongo kwa Ndoa ya Kweli

Swali lenyewe ni hili. Mume na mke wameoana kweli: wazazi walikubaliana, mahari ilitolewa, jamaa walikula na kunywa, na moto ukawashwa katika jiko lao. Kisha vita ikawatenga. Mume amefika Ulaya au Amerika, mke amebaki Salamabila. Serikali ya nchi ile ya mbali yamwambia mume: Waweza kumleta mkeo, lakini kwanza uthibitishe ya kuwa ndiye mkeo. Cheti hawana. Hapo hutokea dalali wa karatasi, naye asema kwamba kwa fedha kiasi fulani atatengeneza cheti chenye muhuri, chenye tarehe, na chenye majina ya mashahidi wawili. Je, ni dhambi kuthibitisha jambo la kweli kwa karatasi ya uongo?

Wako wanaojibu upesi kwamba si dhambi, maana hakuna aliyeibiwa: mke ni mke, mume ni mume, na karatasi yasema hayo hayo. Wako pia wanaojibu upesi kwamba uongo ni uongo, kisha huenda zao, wakimwacha yule mwanamke pale pale kizingitini. Jibu la kwanza ni fupi mno, na la pili pia ni fupi mno. Anayejiandaa kwa ubatizo atakutana na swali hili katika nyumba ya dada yake au ya jirani yake, na huenda akaombwa kuweka kidole chake juu ya karatasi. Basi yafaa alipime polepole.

Kwanza na itazamwe hali ya watu wenyewe. Salamabila ni mji wa machimbo katika teritwari ya Kabambare, kusini mwa Maniema, jirani na dhahabu ya Namoya. Dhahabu hiyo ilichimbwa tangu enzi ya Wabelgiji. Mwaka 2016 kampuni ya Banro ya Kanada ilianza kuitoa kwa mitambo mikubwa, na mwaka 2019 ikasimamisha kazi kwa sababu ya mapigano. Katika miaka hiyo wapiganaji wa Mai-Mai Malaika walipambana na jeshi, na watu wakakimbia: wengine msituni, wengine Kasongo, wengine kwa njia ya Fizi mpaka ziwa Tanganyika na kuvuka. Njia hiyo ilikwisha kukanyagwa na wazee wao katika vita ya 1996 na ya 1998, na kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, imepokea Wakongo tangu 1996. Kutoka makambi ya namna hiyo wamo waliochukuliwa mpaka Marekani, Kanada na Australia. Mtu akikimbia usiku habebi cheti. Hubeba mtoto, sufuria, na jembe akiweza. Na wengi hawakuwa na cheti cha kubeba, kwa kuwa walioana mbele ya wazee wala hawakufika kamwe kwa mwandishi wa serikali.

Sheria ya Kongo yenyewe haiwadharau watu hao. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, yaikubali ndoa iliyofungwa katika jamaa kwa kufuata desturi, na yataka mahari iwepo. Ila yawataka wana ndoa waende kuiandikisha kwa mwandishi wa serikali katika muda wa mwezi mmoja. Hilo la pili ndilo watu hawakulifanya. Sekta iko mbali, njia ni ya matope, kuandikisha kuna gharama, na hapana mtu kijijini aliyewahi kumwuliza jirani yake cheti cha ndoa. Wote walijua.

Na Kanisa je? Kanisa nalo hufundisha kwamba wasiobatizwa, wakikubaliana kwa hiari yao kuwa mume na mke, wana ndoa ya kweli. Mkatekumeni na mkewe si watu wanaokaa hivi hivi wakingoja padri awafanye kuwa mume na mke. Siku wote wawili watakapobatizwa, ndoa yao itakuwa Sakramenti. Lakini ndoa ilikuwapo. Jambo hili lafaa likumbukwe sana hapa, maana dalali huanza kazi yake kwa kuwatia watu haya: huwaambia kwamba bila karatasi wao si kitu.

Sasa na asikilizwe yule aliye upande wa pili wa meza, yaani ofisa anayeuliza. Ni rahisi kumwita adui. Lakini anayo sababu. Katika miji mikubwa ya Ulaya na Amerika wamo watu wanaouza jina lao: mtu hukubali kuitwa mume au mke wa mgeni kwa malipo, wakapigwa picha pamoja wakitabasamu, kisha kila mmoja akaenda kwake. Kwa ajili hiyo sheria zimekuwa kali. Ubelgiji, kwa sheria ya tarehe 4 Mei 1999, ilisema kwamba si ndoa ikiwa yaonekana wazi ya kuwa nia ya mmojawapo si kuishi pamoja kwa kudumu, bali ni kupata tu kibali cha kukaa. Na tangu 2006 imeweka adhabu juu ya ndoa ya namna hiyo. Marekani, kwa sheria ya 1986, humpa mwenzi ambaye ndoa yake haijatimiza miaka 2 kibali cha miaka 2 tu, na kabla muda huo haujaisha sharti warudi kuonyesha kwamba bado wanakaa pamoja. Afungaye ndoa ili kukwepa sheria yao ya uhamiaji aweza kufungwa hata miaka 5 na kutozwa faini ya dola 250,000. Kanada nayo huuliza maswali mawili: Je, ndoa hii ni ya kweli? Je, ilifungwa hasa kwa ajili ya kupata makao? Jibu likiwa baya katika mojawapo ya hayo mawili, ombi limeanguka.

Kosa hilo la kwanza, yaani karatasi ya kweli juu ya ndoa ya uongo, halina haja ya maneno mengi. Aliyetamka kiapo cha ndoa huku moyoni ameikataa ndoa kwa kusudi kamili, hana ndoa, hata kama kengele zilipigwa na jina limeandikwa kitabuni. Sheria ya Kanisa husema hivyo waziwazi: maneno ya mdomo hudhaniwa kuwa ndiyo ya moyo, lakini ikihakikishwa kwamba moyo uliyafukuza, maneno hayafungi kitu. Hata anayefanya hivyo kwa huruma, ili amwokoe msichana na vita, amemwokoa kwa kulifanya neno la ndoa kuwa kamba ya kuvukia mto, ambayo ukishavuka waikata. Huruma yake ni ya kweli. Ndoa yake siyo.

Lakini kuna hali ya katikati, na hapo hukumu huwa nzito zaidi. Binti wa Salamabila aposwa na kijana wa kwao aliyeko Brussels. Ampenda. Tena ataka kuondoka Salamabila, mahali ambapo mdogo wake alikufa kwa kukosa dawa na ambapo milio ya bunduki husikika usiku. Je, ndoa yake ni ya uongo kwa sababu ana mapendo na pia ana hamu ya amani? Hapana. Yapaswa kutenganisha sababu na nia. Sababu ni kile kilichomsukuma mtu kuingia mlangoni. Nia ni kile anachotaka kukifanya akiisha ingia. Mababu walioa kwa sababu nyingi: ukoo wa binti ulikuwa na shamba zuri kando ya mto, au wazee wawili walitaka kumaliza ugomvi, au mama alikuwa amechoka naye akataka mkamwana wa kumsaidia kutwanga. Hakuna aliyesema kwamba ndoa hizo ni za uongo, maadamu wale wawili walikusudia kuishi kama mume na mke mpaka kifo. Kwa hiyo binti yule na ajiulize neno moja, akiwa peke yake, wala si mbele ya ofisa: Viza ikikataliwa, na huyu kijana akarudi Kabambare mikono mitupu, nitakuwa mkewe bado? Ikiwa jibu ni ndiyo, hana la kuficha, naye aweza kuitaja hamu yake ya amani bila aibu. Ikiwa jibu ni hapana, asitafute mashahidi. Atafute njia nyingine ya kuondoka.

Yule ofisa, hata hivyo, hawezi kuingia moyoni na kuisikia ile ndiyo. Taabu yote iko hapo. Ndoa hufanywa na ridhaa, na ridhaa haionekani kwa macho. Haikuanza kuwa taabu na pasipoti. Zamani Kanisa liliitambua ndoa iliyofungwa kwa ridhaa tupu, hata bila shahidi, chini ya mti. Matokeo yakawa mabaya: mwanamume alimwahidi mwanamke mmoja kwa siri, kisha akamwoa mwingine mbele ya watu, na yule wa kwanza hakuwa na wa kumsemea. Ndipo Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, ulipoamuru kwamba ndoa ifungwe mbele ya paroko na mashahidi wawili au watatu, na iandikwe kitabuni. Mababa wa Mtaguso hawakusema kwamba mashahidi ndio wanaoumba ndoa. Walisema kwamba jambo linalowagusa watu wengi, watoto, wazazi, na yule mwanamke aliyedanganywa, haliwezi kuachwa katika siri ya watu wawili. Kwa hiyo serikali ikiomba uthibitisho haifanyi jambo geni. Ugeni uko katika aina ya ushahidi inaoutaka.

Maana huko mbali ushahidi wa mapendo ni mkataba wa nyumba wenye majina mawili, akiba ya benki ya watu wawili, picha za safari na barua za simu. Salamabila ushahidi ni mwingine kabisa. Ni mbuzi aliyefika uani kwa baba mkwe, naye akapokelewa. Ni mke anayepalilia mihogo ya mama mkwe wakati mumewe yuko shimoni akitafuta dhahabu. Ni mume anayeamka usiku kumbeba shemeji mgonjwa mpaka zahanati. Ni jina la babu alilopewa mtoto. Mambo hayo hayatii shaka kwa mtu yeyote wa pale, wala hayaachi karatasi.

Tena kuna mitego ya lugha na ya hesabu ya siku. Ofisa huwauliza mume na mke kila mmoja peke yake, kisha hulinganisha. Auliza: Mlioana tarehe gani? Mume ataja siku mahari ilipopelekwa. Mke ataja siku aliposindikizwa na shangazi zake kuingia nyumbani kwa mumewe, miezi mingi baadaye. Na kama walibarikiwa kanisani, kuna siku ya tatu. Wote wawili wamesema kweli, lakini katika fomu kuna nafasi ya tarehe moja tu, na majibu yao yameandikwa kuwa yanapingana. Auliza tena: Mumeo ana ndugu wangapi? Mke asema kumi na mmoja, kwa kuwa watoto wa baba mdogo ni ndugu; mume, aliyekwisha kukaa na wazungu, asema wanne. Auliza mwaka, mmoja ajibu kwamba ni mwaka kampuni ilipoingia. Ndoa za kweli zimeonekana kuwa za uongo kwa mambo madogo kama haya. Dawa yake si kukariri jibu moja. Dawa ni kueleza: kuzitaja siku zote tatu kwa majina yake, na kusema kwamba kwao ndoa hupanda ngazi, wala hairuki. Ofisa mwadilifu akiisha kuelezwa hivyo, huandika.

Wengine hutumaini kipimo cha damu. Kipimo hicho huonyesha kwamba mtoto ni wa huyu na wa yule, nacho kimewafaa wazazi wengi waliopotezana na watoto wao. Lakini damu haisemi habari ya ndoa. Watu huzaa bila kuoana. Na wako waliooana kweli ambao Mungu hakuwajalia mtoto, nao wasidhaniwe kuwa waongo kwa sababu ya ugumba.

Sasa na arudi yule dalali. Hoja yake huisema hivi: Ndoa yenu ni mwili, karatasi ni nguo tu, mwili ukiwa wa kweli, nguo ya kuazima ina ubaya gani? Maneno hayo ni matamu, lakini yana kosa ndani yake. Cheti si nguo. Cheti ni shahidi. Husema: Siku fulani, mahali fulani, mwandishi fulani wa serikali aliwaona watu hawa na kuwasikia. Na mwandishi huyo hakuwaona. Uongo wa karatasi ile hauhusu ndoa, unahusu jicho. Jicho lisiloona linadai kwamba liliona, na mtu wa mbali, asiye na njia nyingine ya kujua, aombwa kuliamini. Huyo ndiye anayedanganywa, ijapokuwa mwishoni ameamini jambo lililo kweli.

Tena uongo huo haukai mahali ulipowekwa. Cheti cha kughushi huwa na tarehe, nayo tarehe yataka hadithi. Basi yule mke hulazimika kuisahau siku yake ya kweli, mvua iliyonyesha, shangazi aliyelia njiani, mbuzi aliyekata kamba na kukimbizwa na vijana, apate kukariri arusi ya Jumamosi ambayo haikuwapo kamwe, mbele ya mashahidi asiowajua kwa sura. Hujifunza hadithi hiyo na mumewe kwa simu usiku, kama watu wawili wanaopanga wizi. Walikuwa na ndoa ya kweli. Sasa ndani yake wamejenga nyingine ya uongo, na hiyo ya uongo ndiyo wanayoipeleka kwa watu. Na siku moja mtoto atauliza: Mama, mlioana lini? Mama atafikiri kwanza.

Hasara ya dunia nayo ipo. Muhuri hupimwa, ofisi za Kongo huulizwa kama namba ile imo kitabuni. Uongo ukigunduliwa, ofisa hasemi kwamba karatasi ni mbovu lakini ndoa ni nzuri. Husema kwamba watu hawa ni waongo. Kanada humfungia mlango kwa miaka 5 aliyeleta habari za uongo. Marekani humfungia kwa maisha, isipokuwa apate msamaha maalumu. Na hasara haiishii kwao wawili: wa pili na wa tatu kutoka Salamabila watakaofika mezani hapo wakiwa na karatasi halali watatazamwa kwa jicho la shaka, kwa sababu ya yule wa kwanza.

Pamoja na hayo, mizani ya Mungu haiwapimi wote sawasawa. Mwanamke aliyengoja miaka sita, anayelea watoto peke yake kati ya watu wenye silaha, akauza mashine yake ya kushonea apate kumlipa dalali, kosa lake si sawa na la dalali anayelala vizuri. Wala watu wanaoandika sheria ya kudai karatasi ya muhuri kwa mtu aliyekimbia mji unaowaka hawana mikono safi kabisa. Kusema kwamba tendo ni baya si kusema kwamba aliyelitenda ni mbaya kuliko waliomfikisha hapo.

Mfano wa zamani waweza kusaidia. Maandiko Matakatifu husimulia kwamba Abrahamu alishuka Misri kwa sababu ya njaa, na alipokaribia mpaka aliogopa kwamba Wamisri watamwua kwa ajili ya uzuri wa mkewe. Akamwomba Sara aseme kwamba ni dada yake. Huyu hakujidai kuwa na ndoa asiyokuwa nayo. Aliificha aliyokuwa nayo. Na matokeo yakawa kwamba mkewe alichukuliwa nyumbani kwa Farao. Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Thagaste, aliyeandika vitabu viwili juu ya uongo, alishughulika sana na tendo hilo: alisema kwamba Abrahamu alinyamaza sehemu ya kweli bila kusema uongo, kwa kuwa Sara alikuwa kweli dada yake kwa baba. Kunyamaza na kudanganya si jambo moja. Lakini hata kunyamaza kwake kulimtia Sara hatarini, si yeye.

Jambo hilo hutokea leo makambini. Mwanamume huambiwa na wenzake: Jiandikishe mseja, utaondoka upesi; mkeo utamvuta baadaye. Naye huandika hivyo. Kisha, akiisha kufika, ataka kumleta mke ambaye kwa mkono wake mwenyewe alisema kwamba hayupo. Kanada ina kanuni kali kwamba jamaa ambaye hakutajwa wakati wa kuingia haletwi kwa njia ya kawaida ya familia, ingawa tangu 2019 imeilegeza kwa baadhi ya watu. Kwa mkimbizi aliyemtaja mkewe, nchi hiyo hutoa mwaka 1 wa kuomba aletwe kwa njia nyepesi zaidi. Marekani katika sheria yake imeweka miaka 2, ijapokuwa kwa amri ya tarehe 20 Januari 2025 ilisimamisha mpango wake wa kuwapokea wakimbizi. Mwanamume aliyejiita mseja alifikiri kwamba anafupisha njia. Aliifupisha yake.

Basi wasio na cheti wafanye nini? Njia iko, nayo ni ndefu. Sheria ya Kongo yaijua hali ya watu wanaotendeana kama mume na mke na kujulikana hivyo na jamaa na majirani, wala haisemi kwamba hali hiyo ni bure. Hakimu aweza kuombwa aipime na kutoa hukumu, nayo hukumu ni karatasi ya kweli, kwa sababu yasema yaliyotendeka: kwamba mashahidi walifika, wakasikilizwa, na hakimu akaridhika. Tarehe yake ni ya leo, na leo ndivyo ilivyo. Nchi za Ulaya zilizofungwa na agizo la mwaka 2003 juu ya kuunganisha familia, Ubelgiji ikiwa mojawapo, haziruhusiwi kulikataa ombi la familia ya mkimbizi kwa sababu hiyo moja tu ya kukosa karatasi za serikali. Sharti zitazame ushahidi mwingine. Marekani nayo, cheti kisipopatikana, na hata ushahidi mwingine wa maandishi usipopatikana, hupokea maneno ya kiapo ya watu wawili au zaidi walioyajua mambo wenyewe. Waliofunga ndoa kanisani wana kitabu cha ndoa cha parokia, na ndoa hiyo huandikwa tena pembeni mwa jina lao katika kitabu cha ubatizo. Kikipotea kimoja, cha pili kitafutwe. Fedha zilizotumwa kwa simu mwezi kwa mwezi, hata zikiwa kidogo, zina tarehe. Daftari ya mahari, ambayo mjomba ameikunja ndani ya sanduku, ina thamani kuliko cheti cha dalali, hata ikiwa na doa la mawese.

Imebaki habari ya mashahidi, na hapa ndipo mtu wa kijijini anapohusika mwenyewe. Jirani huja jioni, akasema: Baba, unawajua hawa, weka kidole chako hapa, kwamba ulikuwapo siku ya arusi yao. Naye hakuwapo, siku hiyo alikuwa Kasongo kwa mazishi. Lakini anawajua kuliko wengi waliokuwapo. Je, aweke kidole? Asiweke juu ya maneno hayo. Wala asimfukuze jirani yake kwa kusema kwamba hataki mambo ya serikali; kumnyima mtu ushahidi wa kweli ni kumdhulumu kwa namna nyingine. Na aombe karatasi nyingine, na aliyejifunza kuandika amwandikie yale aliyoyaona.

Amwandikie kwamba hakuhudhuria arusi. Kwamba aliwakuta wakikaa nyumba moja, karibu na kisima, mwaka ambao mvua iliharibu daraja. Kwamba mume alimwita baba wa mke wake baba mkwe mbele ya watu wote, na yule mzee aliitika. Kwamba mtoto wao wa kwanza alipokufa walikaa matanga pamoja, naye alikaa nao siku tatu. Kwamba usiku wa bunduki aliwaona wakitoka, mume mbele na mtoto begani, mke nyuma na sufuria, na kwamba walipotezana mtoni, na yule mwanamke alirudi peke yake asubuhi kuuliza nyumba kwa nyumba. Kwamba tangu siku hiyo hajaolewa na mtu mwingine, ijapokuwa waliomposa walikuwako. Kisha aweke kidole chake, na tarehe ya siku ile ile.